Kwenda Newtown kwa Njia ya Ncha ya Dunia

Miaka niliyokaa Castle Vale nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nafanya kazi kwenye mambo ya anga. Si uongo. Kiwanda kilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Birmingham, na kazi yangu ilikuwa kupanga trei za chakula cha abiria: uma hapa, kijiko pale, siagi pembeni, kikombe kimelala juu ya kitambaa chake. Ndege zilipita juu ya paa, na sisi chini tumevaa kofia za nailoni, tumeinamia vijiko. Huko Unguja mama yangu alikwishawaambia majirani kwamba mwanawe yuko na marubani, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha mtu mzima.

Castle Vale yenyewe ndiyo iliyonizidishia ugonjwa wa kuwaza ndege. Mtaa mzima umejengwa juu ya kiwanja cha zamani cha ndege, na nilipolijua hilo sikupata tena usingizi wa kawaida. Nilikuwa nikisimama jikoni nikimwonyesha mke wangu kwa mkono: ndege zilikuwa zikitokea upande ule wa friji, zinaondokea upande wa choo. Yeye akasema nyumba ya kupanga ni nyumba ya kupanga, hata zingekuwa zikitua sebuleni, na sinki bado linavuja.

Kisha siku moja nikamsindikiza binti yangu maktaba. Yeye alikuwa na kazi ya shule, mimi nilikuwa natafuta hita. Nikakaa karibu na hita, na kwenye rafu iliyokuwa usawa wa goti langu nikaona kitabu chenye picha ya wanaume waliovaa ngozi za wanyama, wamesimama kando ya ndege iliyofungwa mbao za kuteleza mahali pa magurudumu. Nyuma yao hakukuwa na kitu. Weupe mtupu. Nimekulia mahali ambapo barafu ni juisi iliyogandishwa kwenye vifuko vya nailoni, inauzwa na watoto mlangoni, na unamaliza yako kabla haijakuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu waliiacha nyumba yenye moto ndani wakaenda kuitafuta. Nikakiazima. Baadaye nikaazima vyote walivyokuwa navyo vya aina ile, mpaka mwanamke wa maktaba akawa ananiuliza kama nina safari.

Nikawajua wote. Nilimjua Mswidi aliyepaa na wenzake wawili kwa puto kwenda Ncha ya Kaskazini, puto likawaangusha juu ya barafu, wakatembea mpaka wakafa, na miaka mingi baadaye wakakutwa na picha walizopiga, bado zinasafishika. Niliijua ndege iliyopelekwa Kusini ikaanguka kabla ya safari, wakaing'oa mabawa, wakaipeleka hivyo hivyo ikavute mizigo juu ya barafu, injini ikafa njiani. Hiyo niliipenda kuliko zote. Na zaidi ya wote nilimjua Mnorwe, aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, ambaye uzeeni aligombana vibaya na Mtaliana aliyesafiri naye juu ya Kaskazini kwa puto kubwa lenye injini. Wakawa hawasemezani. Kisha Mtaliana akaenda tena bila yeye, puto lake likaanguka barafuni, na Mnorwe aliposikia akapanda ndege kwenda kumtafuta. Mtaliana akaokolewa. Mnorwe hakuonekana tena.

Nyumbani sikupata wa kumsimulia. Mke wangu alikwishapiga marufuku Wanorwe wakati wa kula. Binti yangu alikuwa na vile vijiti vyake vya kusikilizia muziki masikioni. Mtu aliyenisikiliza alikuwa mmoja tu, rafiki yangu Mkongo.

Alikuwa mtu wa Bukavu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao, mwenye pumu. Alikuwa akifanya usafi chuoni na akiishi peke yake Newtown, ghorofa ya juu, kwenye jengo moja la halmashauri. Tulijuana darasa la Kiingereza, tukashirikiana ujinga. Mimi nilikuwa nikimwita "bwana", yeye ananiita "yaya", ambavyo kwao Kivu ni kumwita kaka mkubwa. Niliamini ni kwa sababu ya ndevu zangu. Kila Jumamosi, nikishamaliza kununua nyama Sparkhill, tulikaa kwenye mkahawa mmoja wa Stratford Road, mimi nikisimulia na yeye akichovya mandazi kwenye chai. Alikuwa msikilizaji mzuri, au alikuwa na njaa. Sikuwahi kuchunguza.

Jumamosi tuliyogombana nilikuwa nasimulia jinsi Mtaliana alivyookolewa. Rubani mmoja alitua kwenye barafu na kijindege chenye nafasi ya mtu mmoja, akamchukua mkubwa wa msafara kwanza, yeye na mbwa wake.

"Na ule mbwa?" rafiki yangu akauliza. "Mbwa naye alipata place?"

"Alikuwa mdogo."

"Batu banabaki mu barafu, mbwa anapanda avion." Akaweka andazi chini. "Yaya, bale batu, nani alikuwa anabafukuza?"

"Hakuna aliyewafukuza. Walikwenda wenyewe."

"Juu ya nini?"

"Kujua, bwana. Kuona."

"Kujua njaa? Kujua baridi? Bangekuya kutuuliza tu."

Watu wa meza ya pili wakacheka. Mimi nikaona Mnorwe wangu anavunjiwa heshima mbele ya sambusa. Nikamwambia haelewi, ile ni safari, na safari ni jambo jingine. Akanitazama kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi.

"Yaya," akasema, "weye safari haujafanyaka. Weye ulikuyaka na avion, umefunga mukaba, banakuletea chai."

Mkahawa mzima ulicheka, na mwenye mkahawa ndiye aliyecheka zaidi. Nami niliondoka na nyama yangu.

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kweli. Nilikuja na visa, kwa ndege ya mchana, na nakumbuka kabisa kwamba nilifunga mkanda, nikaomba chai ya pili. Nikanuna. Mimi nikinuna, nanuna kwa ufundi. Alipopiga simu niliiweka juu ya meza nikaitazama inavyotetemeka kuelekea ukingoni, nikaidaka isianguke, nikaiacha iendelee kulia. Jumamosi nilinunua nyama kwenye bucha la mbali nisipite pale mkahawani. Mke wangu akasema nyama ya bucha lile ni mifupa mitupu. Nikala mifupa.

Kisha rafiki yangu akaacha kupiga. Hapo ndipo niliumia hasa. Nilikuwa namtaka arudi, namtaka sana, wala sikujua pa kuanzia bila kuonekana nimeshindwa. Nilikuwa na stori mpya nzima ya rubani aliyepita juu ya Ncha ya Kusini, na hakuna masikio ya kuipokea.

Mwishoni mwishoni mwa miaka ile ikaanguka theluji kubwa. Shule zikafungwa, mabasi yakasimama, kiwanda kikatupigia simu tusije. Mchana ule mwenye mkahawa akanipigia. Aliniuliza kama Mkongo yuko kwangu. Jumamosi hakuonekana, simu yake haipatikani, na mara ya mwisho alikuwa anakohoa vibaya.

Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Nenda ukamtazame."

Ningependa kusema kwamba nilifikiria kwanza mapafu ya rafiki yangu. Ukweli ni kwamba nilimfikiria kwanza Mnorwe. Wamegombana, hawasemezani, mmoja kapotea barafuni, mwengine anaondoka kumtafuta. Mabasi hakuna. Kifua kilinivimba. Baada ya miaka yote ya vijiko na uma, nimepata msafara.

Nikajiandaa kwa mujibu wa vitabu. Nilivaa suruali mbili, fulana zote, kanzu juu yake kwa sababu kanzu inafunika pote, kisha koti. Kofia nilikuwa nayo, ya manyoya bandia yenye masikio, niliinunua sokoni mjini siku ambayo hata baridi haikuwapo. Miwani ya rubani sikuwa nayo, nikachukua ya binti yangu ya kuogelea. Mke wangu akanifungia chapati na tende. Ikabaki mafuta. Vitabu vilisema watu wale walijipaka shahamu ya sili, yule mnyama wa bahari za barafu, usoni upepo usiwachune. Sili hatuna. Mafuta ya nazi tunayo.

Kila Mswahili wa Uingereza anajua kwamba chupa ya mafuta ya nazi ikifika huku inaganda, inakaa nyeupe kabatini tangu Oktoba mpaka Mei, na kila asubuhi unaisimamisha kwenye maji ya moto ndipo upate ya kupaka. Mimi nilijua hivyo kuliko wote, maana ndiyo kazi yangu kila siku kabla ya kwenda kazini. Nikaiyeyusha chupa, nikajipaka uso, ndevu, shingo, mikono, nikapaka hata glavu. Nikatoka nikinukia mkate wa kumimina.

Binti yangu alinitazama kutoka kwenye ngazi. "Dad," akasema, "it's literally Newtown."

Nikamwambia hata Mswidi wa puto nyumbani kwao walisema hivyo.

Tyburn Road ni barabara ndefu iliyonyooka yenye viwanda pande zote, na siku ile ilikuwa tupu. Mwanzoni nilitembea vizuri. Nilikuwa nainua magoti, nikikanyaga mahali ambapo hapajakanyagwa ingawa kando yangu palikuwa na njia iliyokwisha kusafishwa. Miwani ikajaa ukungu, nikawa sioni ila nuru. Nikaivua, nikaona bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake wamesimama wananitazama.

"You all right, bab?" akaniuliza, ambavyo kwao Birmingham ni kumwita mtu mpenzi. "You've got something on your face."

Nikagusa ndevu. Zilikuwa zimeganda. Mafuta yalikuwa yamerudia hali yake ya kabatini, kwenye ndevu, kwenye masharubu, kwenye nyusi, meupe pe, na glavu zimekakamaa hazikunjiki. Nikamwambia niko salama, naenda kumwona rafiki. Akasema rafiki huyo ana bahati. Mbwa wake akanilamba mkono njia nzima mpaka kituo cha basi, bibi akimvuta.

Chapati zangu ziliisha kabla ya Gravelly Hill. Ninasema hivi kwa aibu: vitabu vyote vinasisitiza kugawa chakula, na mimi nilikula cha kwenda na kurudi nikiwa bado naona paa za mtaa wangu. Chini ya barabara kuu za pale, zilizopandana juu ya nguzo, hakukuwa na theluji kabisa, pakavu, na kwa nguo nilizovaa nikaanza kutokwa na jasho. Mafuta yakayeyuka yakaniingia machoni. Nikapita Aston nikilia, na nilipotokea kwenye upepo jasho na mafuta vikaganda pamoja. Hapo magoti yalikwishaacha kuinuka. Nilikuwa najikokota, ndege bila mabawa, na mzigo wenyewe ulikuwa mimi.

Nikafika. Jengo la rafiki yangu lilisimama na madirisha yake yote yamefungwa. Mlango wa chini una kengele za vyumba. Nikabonyeza ya kwake, nikangoja. Nikabonyeza tena, nikangoja zaidi. Nikabonyeza mara ya tatu.

Sisi tumelelewa hivi: hodi ni tatu. Usipojibiwa unaondoka, hupigi kelele, huchungulii, wala huweki kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutotaka mgeni. Nimelijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu. Nikatoa simu, nikampigia mke wangu.

"Kasema nini?"

"Hakujibu."

"Umebisha mara ngapi?"

"Tatu."

Na yeye kalelewa vilevile. "Basi rudi," akasema, "tutampigia mwenye mkahawa."

Mtu kaivuka nusu ya Birmingham kwa miguu kumtafuta mgonjwa, kaufikia mlango wake, akageuka kwa sababu ya adabu. Sijui msafiri mwengine wa nchi za barafu aliyefanya hivyo. Lakini adabu ilikuwa ni ya kumwambia mke wangu. Mimi nilichokuwa nacho moyoni ni kwamba rafiki yangu ameniona kutoka dirishani, akaitazama kengele inalia, akaiacha ilie, kama nilivyomfanyia mimi. Niliona ni haki yake. Nikaondoka.

Nilifika kituo cha basi mtaa wa pili. Nilijua hakuna basi. Nikakaa tu kwenye kile kibenchi chembamba cha kuegemea, nipumzike kidogo. Theluji ikaanza kuanguka tena, laini. Miguu ikawa kimya. Nikaanza kujihurumia kwa raha kabisa: nikawaza watakavyonikuta, watakavyofungua simu yangu waone picha ya mwisho, ambayo ilikuwa ya chapati. Nikaona usingizi unanijia vizuri, nikasema nitaupokea dakika moja.

"Yaya."

Nikafungua macho. Alikuwa mbele yangu na koti jepesi la kazini, miguu kaivalisha mifuko ya plastiki ndani ya viatu, mkononi ana chupa ya chai. Alikuwa anahema kwa nguvu.

"Niko naona mu dirisha," akasema, akivuta pumzi katikati ya maneno, "mutu wa uso mweupe anakimbia mulango yangu. Nikasema, ule ni nani? Njo nikaona kofia."

"Nilibonyeza kengele."

"Kengele ilikufa tangu Noël, ile Krismasi. Telefone naye, chargeur imeharibika, duka wamefunga. Juu ya nini haukuita?"

"Nilibisha hodi tatu."

Alinitazama sana. "Unatoka Castle Vale na mguu," akasema, "na unapiga hodi tatu tu?"

Akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko chake, akanishikisha mikononi kwa sababu glavu zangu hazikuweza kukunja vidole.

"Kunywa chai," akasema. "Mukaba utafunga weye mwenyewe."

Nikacheka mpaka chai ikanimwagikia ndevuni, mafuta yakayeyuka yakashuka kifuani. Nilifurahi sana. Nilijua nimesamehewa, au kwamba kwake hakukuwa na la kusamehe, yote yalikuwa ya kwangu. Nikataka kumsimulia papo hapo: bibi na mbwa, Gravelly Hill, chapati. Nikamwambia akae nimweleze.

"Simama," akasema.

"Ngoja kidogo, bwana. Miguu imekufa."

"Simama, yaya. Hapa haiko mahali ya kukaa."

Nilidhani anatania, nikanyoosha miguu yangu mbele nipate kukaa vizuri zaidi. Akanishika koti kifuani kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Yaya wangu naye alisema ngoja kidogo," akasema. "Mu pori. Alikaa pa muti, akasema mtangulie, nitabafikia. Bale ba bunduki balikuwa banakuya nyuma, na batoto biko na sisi. Nilimuachia maji."

Alikuwa ananivuta bado wakati anasema. Kumbe alikuwa na kaka mkubwa. Jumamosi zote zile nimemweleza Mswidi, nimemweleza Mnorwe, nimemweleza mbwa wa Mtaliana, na yeye akichovya andazi kwenye chai akiniita yaya, na mimi nikadhani ni ndevu.

Nikasimama. Iliniuma kila mahali. Akanigeuza kuelekea jengo lake na kunitanguliza.

"Tembea mbele," akasema. "Nikuone."

Nikatembea mbele. Nyuma yangu nilimsikia anakohoa na mifuko yake ya plastiki ikichakarika, na kila nilipopunguza mwendo mkono wake ulinigusa mgongoni. Ile stori ya rubani wa Ncha ya Kusini nilikuwa nayo yote kichwani, na sikuisimulia. Lifti ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi vilevile, mimi mbele, yeye nyuma, tukipumzika kwa kusimama.

Mlango wake alikuwa ameuacha wazi. Nilipofika kizingitini nilisita kwa mazoea, nikingoja kukaribishwa. Alinisukuma, nikaingia.